Tairi Ngumu Si Tairi Imara

Katika steji za bodaboda za Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, na njia nzima hadi Malaba na Tororo, kuna kauli moja isiyo na mpinzani: tairi la nyuma lijazwe upepo mpaka likatae kidole. Mafundi wa pancha huitoa, madereva wakongwe huithibitisha, wamiliki wa pikipiki huikubali, na kijana anayejifunza leo huipokea kabla hajaijua vizuri klachi. Mimi naipinga. Naipinga kwa sababu inaumiza watu na kuwala pesa wasio na pesa, na imeishi muda wote huu kwa kuwa gharama yake hailipwi pale kwenye kompresa. Hulipwa baadaye, mahali pengine, na mara nyingi na mtu mwingine.

Niieleze kwanza kama wenyewe wanavyoieleza, na nguvu zake zote. Wanasema mzigo wa mpakani si wa mchezo. Pikipiki ya Boksa inayotoka Tororo na mifuko miwili ya saruji, au inayopanda kutoka Port Victoria na magunia ya omena, ikiwa na tairi laini italala, rimu itagonga jiwe, tyubu itang'atwa, na dereva atasukuma. Wanasema tairi laini linakunywa petroli. Wanasema misumari na miiba haiingii kirahisi kwenye tairi lililokaza, na kwamba tairi gumu haliishi haraka. Wanasema kitabu cha kiwandani kiliandikwa India na watu ambao hawajawahi kuiona changarawe ya Funyula. Na mwisho wanasema wamekaa barabarani miaka, kidole chao kinatosha.

Wanaozisema hoja hizi si wajinga. Ndani yake kuna ukweli mkubwa: upepo haba ni hatari na ni hasara. Tairi lenye upepo haba hujikunja ubavuni kila linapozunguka, hupata joto, na tyubu yake huweza kuteleza ndani mpaka ikakata valvu. Hapo sina ubishi. Ubishi wangu unaanza pale ubaya wa upepo haba unapogeuzwa kuwa ushahidi wa uzuri wa upepo uliopita kiasi.

1. Kuhusu mzigo

Hii ndiyo hoja yao kuu, kwa hiyo nitakaa nayo.

Chuchumaa kando ya pikipiki yako usome ubavu wa tairi la nyuma. Kwa pikipiki nyingi za huku utakuta 3.00-17, kisha namba nyingine na herufi, kwa mfano 50P. Hiyo 50 haihusiani na upepo. Ni alama ya uzito, na maana yake ni kwamba tairi hilo limepewa kubeba kilo 190, basi. Ukikuta 45, ni kilo 165. Tairi la mbele la 2.75-17 lenye alama 41 limepewa kilo 145. Namba hizi zimechapwa kwenye mpira wenyewe, na mtu anaweza kuendesha miaka kumi asiwahi kuzisoma.

Sasa tupige hesabu ya safari ya kawaida. Pikipiki yenyewe ina kilo kama 120. Dereva 70. Mifuko miwili ya saruji, kilo 100. Jumla 290. Mzigo hufungwa juu ya keria, yaani juu ya gurudumu la nyuma au hata nyuma yake, kwa hiyo theluthi mbili ya uzito wote kwenda nyuma ni makadirio ya huruma. Theluthi mbili ya 290 ni 193. Hapo hata tairi la kilo 190 limekwisha kuzidiwa, na bado hajapanda mtu. Akipanda abiria wa kilo 60 mbele ya saruji, jumla inakuwa 350 na nyuma inabeba zaidi ya 230. Tairi la alama 45 limezidiwa kilo 65 na zaidi.

Upepo utasaidia nini hapo? Anayeongeza upepo anaamini anaongeza nguvu ya tairi. Nguvu ya tairi iko kwenye nyuzi zilizosukwa ndani ya mpira, na nyuzi hizo hazikuongezeka kwenye kompresa. Mzigo unazivuta, na upepo nao unazivuta. Ukipakia kupita kikomo kisha ukajaza kupita kikomo, umezielemea nyuzi zilezile mara mbili, halafu unakwenda kuligongesha tairi hilo kwenye ukingo wa shimo ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Likipasuka, watu husema tairi lilikuwa bovu, la bei rahisi. Hakuna anayeuliza lilikuwa na pauni ngapi za upepo.

Ubavuni humo kuna pia maandishi yanayotaja pauni za juu kabisa kwa mzigo wa juu kabisa. Wengi wa wanaojua kuyasoma huyachukua kama agizo la kila siku. Ule ni ukuta wa mwisho. Dereva aliyebeba mama mmoja na kikapu chake kutoka soko la Sofia hana sababu yoyote ya kuufikia.

Kinachonisumbua zaidi ni kazi ambayo imani hii inafanya. Inampa dereva ruhusa. Mtu akishajaza tairi likakaza, anaona amekwisha kuujibu mzigo, hivyo anaongeza mfuko wa tatu au abiria wa pili. Sheria ya Kenya na ya Uganda inaruhusu abiria mmoja tu. Kompresa imegeuzwa kuwa ofisi ya kutoa kibali ambacho sheria imekataa na tairi limekataa.

2. Kuhusu kushika barabara

Tairi hugusa barabara kwa kipande kidogo tu, na ukubwa wa kipande hicho unaamuliwa na mambo mawili: uzito ulio juu na upepo ulio ndani. Tuseme gurudumu la nyuma limebeba kilo 140, dereva na abiria bila mzigo. Kwa pauni 32, kipande kinachoshika lami ni kama sentimita mraba 62. Kwa pauni 50 kinashuka hadi kama 40. Ni makadirio, kwa kuwa mpira nao una ugumu wake, lakini mwelekeo haubadiliki: zaidi ya theluthi moja ya kipande kinachoshika imeachwa pale kwa fundi, na dereva ameilipia.

Hebu fikiria foleni ya malori Malaba. Dizeli na oili zinadondoka kwenye lami siku nzima. Mvua ya Aprili inanyesha robo saa, oili inaelea juu ya maji, na bodaboda anapita katikati ya matrela mawili akiwa na abiria nyuma. Lori linatoa kichwa. Anakanyaga breki. Wakati huo uzito mwingi unakimbilia gurudumu la mbele, lile ambalo fundi alilijaza kwa kidole kilekile, kwa mtindo uleule, ingawa halibebi saruji wala omena. Hakuna hoja hata moja kati ya zote nilizozitaja inayoeleza kwa nini tairi la mbele liwe gumu. Linajazwa kwa mazoea tu, na ndilo linalotakiwa kumsimamisha mtu.

Na hapa wenyewe wanajipinga. Muulize dereva yeyote wa njia za ndani, kuanzia Masafu hadi Nambale, anafanya nini mvua ikishalowesha udongo. Atakuambia anapunguza upepo kidogo ili tairi lishike tope. Yaani anajua. Anajua kwa mikono na miguu yake kwamba tairi gumu halishiki. Kisha tope likikauka analikaza tena, na mvua ikimkuta kwenye lami, ambako mwendo ni mkubwa na malori ni mengi, anaendelea na tairi ambalo mwenyewe asingethubutu kulitumia kwenye tope la shambani.

3. Kuhusu petroli

Hapa ninawakubalia kiasi. Tairi laini linavuta, na injini hulipia. Kupanda kutoka pauni 18 hadi 28 kunaokoa mafuta kweli. Lakini faida hiyo haiendelei kukua bila mwisho. Kwenye changarawe, tairi lililokaza kupita kiasi haliwezi kulimeza jiwe, linarushwa nalo. Pikipiki nzima na watu wake huinuliwa, kisha huangushwa, na nguvu ya kuinua kilo 250 kila baada ya hatua chache hutoka kwenye tangi lilelile la petroli. Dereva huona tairi linateleza vizuri kwenye lami karibu na kituo cha forodha, akadhani hali ni hiyo hadi kijijini.

Anayetaka kweli kuokoa petroli aangalie cheni iliyolegea, chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu, na breki inayogusa ngoma muda wote. Vitu hivyo vitatu viko kwenye pikipiki nyingi zilizojazwa upepo mpaka zikalia.

4. Kuhusu pancha, na maisha ya tairi

Nenda kwa fundi yeyote wa pancha, upande wowote wa mpaka, uangalie rundo la matairi yaliyotupwa. Chukua moja la nyuma uligeuze. Katikati limekwisha kabisa, ukanda wa upana wa vidole viwili uliolainika, na pengine uzi mweupe umeanza kutokeza. Sasa tazama kingo zake. Maua yangali mazito, na wakati mwingine zile nywele ndogo za mpira ambazo tairi jipya hutoka nazo dukani bado zimesimama. Tairi hilo lilinunuliwa zima na likatumika katikati tu. Lilivimba kwa upepo, likakanyaga kwa tumbo, kingo hazikugusa chini. Nusu ya mpira aliolipia mwenyewe imetupwa ikiwa mpya.

Kwa hiyo kauli kwamba tairi gumu haliishi haraka inakanushwa na ushahidi uliorundikwa hatua mbili kutoka kwa mtu anayeitamka. Ile ya pancha inaanguka pamoja nayo. Msumari huingia pale mpira ulipo mwembamba, na upepo mwingi ndio unaoufanya mpira uwe mwembamba mahali palepale panapokanyaga misumari. Pancha ya kung'atwa na rimu, ambayo wanaiogopa kwa haki, huzuiwa na pauni zinazotosha. Haihitaji hamsini.

Halafu kuna gharama ambazo hakuna anayeziandika upande wa upepo. Tairi likikataa kumeza jiwe, jiwe linapokelewa na rimu. Rimu inalipeleka kwenye spoki, na ndiyo maana unaona magurudumu yenye spoki mbili tatu zilizokatika zikafungwa kwa waya. Kutoka kwenye spoki linafika kwenye beringi, kwenye shokapu, kisha kwenye uti wa mgongo wa mtu anayekaa juu ya kiti hicho kuanzia alfajiri hadi usiku. Madereva wanaolalamika mgongo kabla ya kufika miaka 40 ni wengi, na kazi yenyewe ina mengi ya kuumiza mgongo. Lakini hili moja lingeweza kupunguzwa bure.

Nani hulipa? Pikipiki nyingi hazimilikiwi na anayeziendesha. Dereva hupeleka hesabu kwa mwenye mali kila siku au kila wiki. Petroli ya leo ni ya dereva, na pancha ya leo ni ya dereva. Tairi jipya, rimu na beringi mara nyingi humwangukia mwenye mali, ambaye naye huzitoa kwa kuongeza hesabu. Dereva anaokoa kidogo anachokiona saa nane mchana, na analipishwa kikubwa asichokiona mwisho wa mwezi. Kisha wanalaumiana, huyu akisema pikipiki inaendeshwa vibaya, yule akisema vipuri ni feki. Abiria hana hata nafasi ya kulaumu. Mama aliyebeba mtoto mgongoni kwenda kliniki hakushauriwa kuhusu pauni.

5. Kuhusu kidole

Sikiliza mazungumzo ya kwenye kompresa. Fundi anauliza, "Nikuwekee ngapi?" Dereva anajibu, "Weka mpaka ikaze, mkubwa, nina mzigo." Swali lilikuwa la namba, jibu halina namba, na wote wawili wameridhika. Mpira unashikwa kwenye valvu, injini ya kompresa inanguruma, kidole gumba kinabonyeza, mara mbili, basi.

Naamini mazoea haya tumeyarithi kutoka kwenye baiskeli. Kazi ya bodaboda ilizaliwa hapahapa mpakani, miaka ya 1960 na 1970, kwa baiskeli nzito zilizovusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha. Tairi la baiskeli ni jembamba na mpira wake ni mwepesi, hivyo linahitaji upepo mwingi, na kidole kinaweza kukuambia kitu. Kenya ilipolegeza kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, vijana wengi walihama kutoka baiskeli hadi injini, na kidole kikahama nao. Kilihamia mahali ambapo hakina kazi. Tairi la nyuma la pikipiki ya mzigo ni nene, lina nyuzi za kutosha, na huwa gumu kwa kidole hata likiwa na pauni 20. Likiwa na 30, kidole kinasema gumu. Likiwa na 50, kidole kinasema gumu. Kipimo kinachotoa jibu moja kwa hali tatu hakijapima chochote, na uzoefu wa miaka 20 wa kukitumia haukibadilishi.

Joto nalo linawapotosha. Upepo uliofungiwa ndani ya tairi hupanda kwa kama pauni moja na nusu kila joto linapoongezeka nyuzi 10. Tairi lililotoka Malaba saa saba mchana linaweza kuwa na nyuzi 20 zaidi ya lilivyokuwa asubuhi, yaani pauni 3 za ziada zisizotoka kwa fundi yeyote. Lililokazwa asubuhi hadi 50 sasa limepita hapo. Na anayepima mchana akalipunguza, kesho alfajiri analiamkia likiwa chini. Ndiyo maana namba za kitabu ni za tairi baridi, kabla ya safari ya kwanza.

Nimalizie na hoja ya India. Mtu huyohuyo anayesema kitabu kiliandikwa kwa barabara za India anaiamini injini iliyotengenezwa India, anaweka plagi inayotajwa na kitabu hicho, na akinunua oili anauliza ile iliyoandikwa kitabuni. Kote huko kitabu ni sahihi. Kinakosea kwenye ukurasa wa upepo peke yake. Na hiyo India anayoizungumzia ina vijiji, ina changarawe, ina mashimo, ina familia nzima juu ya pikipiki moja na wauza maziwa wenye madumu pande zote mbili. Wale walioandika namba zile waliwaona watu hao kila siku.

Namba zenyewe hazina siri. Pikipiki za aina tunazotumia, za siisii 100 hadi 150, kwa kawaida hupewa pauni 25 mbele. Nyuma hupewa 28 dereva akiwa peke yake, na 32 akiwa na abiria. Kitabu au stika ya pikipiki yako ikitaja vingine, fuata hiyo. Mzigo ukizidi kile ambacho tairi limeandikiwa, punguza mzigo, au safari igawanywe mara mbili. Najua safari mbili ni petroli mara mbili, na najua mteja wa saruji hatapenda. Bei ya kusafirisha ipandishwe ifanane na safari mbili, kwa sababu hivi sasa tofauti hiyo inalipwa na matairi, na migongo, na miguu iliyovunjika.

Polisi wa pande zote mbili husimamisha bodaboda kuulizia leseni, kofia na kizibao cha kung'aa. Sijawahi kumwona anayeinama kuangalia tairi. Basi jambo hili limebaki mikononi mwa wenyewe, na ninawaomba viongozi wa steji, Busia na Tororo, wafanye kitu kimoja: kila steji inunue geji moja kwa pesa za chama. Bei yake ni ndogo kuliko ya tairi moja. Ikae kwa mwenyekiti, na kila pikipiki ipimwe ikiwa baridi, mbele na nyuma, kabla ya abiria wa kwanza. Mafundi wa kompresa nao wasimwekee upepo mtu ambaye hajataja namba. Na wewe mwenye pikipiki, unapomkabidhi kijana ufunguo Jumatatu, mwambie pauni zake, na uziandike kwa rangi kwenye matigadi, mahali ambapo fundi hawezi kukosa kuziona.